Ganda la Nane

Kitu cha kwanza jirani wa kaka yangu alichonipa kushika kilikuwa ganda tupu la risasi, pamoja na kipande cha waya mwembamba kilichopindwa ncha. "Ingiza waya mpaka chini," akasema, "halafu uvute juu taratibu, ncha iwe inagusa ukuta." Nikafanya hivyo. Karibu na kitako cha ganda ncha ikanasa, kidogo tu, kama ukucha unavyonasa kwenye ufa wa sahani.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hilo limekwisha." Akalichukua, akalitupa kwenye ndoo ya bati iliyokuwa chini ya meza, likalia lilipogonga mengine.

Tulikuwa kwenye karakana yake mjini Grand Island, jimbo la Nebraska, katikati kabisa ya Marekani. Ulikuwa mwezi wa Machi, theluji imebaki kwenye vivuli vya nyumba tu. Baridi ilikuwa bado kali, lakini mlango mpana wa karakana ulikuwa wazi kuelekea barabarani. Baadaye nilielewa kwamba kwa watu wa mtaa ule karakana ndiyo baraza. Mtu akiinua mlango wake, anayepita husimama, akasalimia, akauliza habari za mgongo na za mvua. Sebuleni huingii mpaka uitwe.

Kaka yangu huyu, mtoto wa baba mkubwa, ana mwaka wa kumi na moja pale. Anafanya kazi ya nyama, zamu ya usiku, na kazini kwao Kiswahili kinasikika kuliko nilivyotarajia: wapo Wakongo, wapo Wasomali waliokulia kambi za Dadaab na Kakuma. Dukani kwa Msomali mmoja, nilikokwenda kununua iliki, mwenye duka alinitazama mara moja tu.

"Karibu ndugu yangu. Wa wapi wewe?"

"Tabora."

"Tabora ya maembe?" Hajawahi kufika Tabora, lakini kambini alilala hema moja na mtu aliyewahi kufika.

Nje ya mji ni mashamba, na mashamba ni mahindi. Machi yamebaki mabua yaliyokatwa usawa wa goti, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke, na juu yake mitambo mirefu ya kumwagilia imesimama kwenye magurudumu ikingoja majira. Mimi nimekulia Urambo, kwenye mahindi na tumbaku, ila kwetu shamba lina mwisho: kuna mwembe, kuna kichuguu, kuna miombo. Huku ardhi imelala kama mkeka, na upepo unaotoka magharibi haukutani na kitu.

Jirani ana miaka 78. Alijitambulisha kwa jina la kwanza, na kaka anamwita hivyohivyo, na hata binti wa kaka, wa miaka 9, anamwita hivyohivyo. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mzee. Akauliza maana yake, nikamwambia ni neno la heshima kwa mtu aliyetutangulia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hilo angelipenda. Tangu hapo hata mtoto akaanza kumwita Mzee, na nikaona mama yake amefurahi.

Kazi ya Mzee, tangu alipostaafu reli, ni kujaza risasi upya. Huku jambo hilo si siri wala si haramu. Ni kazi ya mkono ya watu wengi, kama kwetu mtu anavyofuga njiwa au kutengeneza redio. Ganda la shaba likishapigwa halijafa. Kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki, yaani kile kikofia kidogo cha kitakoni kinachopokea pigo la sindano, imetumika. Ganda lenyewe, ambalo ndilo la gharama kubwa, limebaki mkononi. Unalisafisha, unalirudisha umbo, unalitia fataki mpya, unapima baruti kwenye mizani, unabana kichwa kipya mdomoni. Mezani kwake palikuwa na mashine ya chuma yenye wenzo mrefu uliong'arishwa na kiganja, kalibu kadhaa, mizani, kikopo cha mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, na daftari. Nitarudi kwenye daftari.

Ana bunduki mbili zinazotumia risasi ya aina moja, ile ya .30-06, iliyoanza jeshini mwaka 1906 na jina lake likatokana na mwaka huo. Lakini mezani yapo masanduku mawili, jekundu na la kijani, na ole wake atakayeyachanganya. Jekundu ni la bunduki ya bolti, aliyoinunua ujanani kwa ajili ya kulungu. La kijani ni la M1 Garand, bunduki aliyoibuni John Garand, mzaliwa wa Kanada, kwenye karakana za jeshi za Springfield, ikapokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1936. Baba yake Mzee alibeba ya namna hiyo Ulaya mwaka 1944. Yeye aliitafuta yake miaka mingi baada ya kumzika baba.

Nikamuuliza: kama risasi ni moja, mbona masanduku mawili? Swali hilo likatumalizia asubuhi nzima.

Bolti ni komeo, wala si zaidi. Unainua mkono wake, unavuta nyuma, ganda linatoka. Unasukuma mbele, risasi inaingia. Unashusha, mlango umefungwa. Kila tendo ni la mkono wako. Garand hujikoki yenyewe. Risasi inapokaribia kutoka mdomoni mwa mtutu, moshi wa moto ulio nyuma yake huchotwa kidogo kupitia kitundu, ukasukuma fimbo ndefu ya chuma, fimbo ikafungua komeo na kulitupa ganda nje, kisha springi ikarudisha kila kitu mbele pamoja na risasi nyingine. Hayo yote hutokea kabla bega halijamaliza kurudi mahali pake.

"Sasa angalia," akasema Mzee. Ganda likipigwa hutanuka, likajaa chemba ya bunduki, likachukua umbo la chemba ileile, na chemba za bunduki mbili hazifanani sawasawa hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Ganda la bunduki ya bolti likirudi kwenye bunduki ileile lilimozaliwa, hakuna haja ya kulisumbua. Mzee hulibana shingo tu, ishike kichwa kipya, na mwili anauacha kama ulivyo. Ni nguo aliyoishona fundi kwa kukupima. Ikiwa imebana kidogo, kiganja kilichoshika komeo kitakuambia, nawe utasimama.

La Garand ni sare ya shule. Lazima libanwe mwili mzima mpaka lirudi kipimo cha kitabu, au chini yake kwa unywele, liweze kuteleza ndani bila kubembelezwa, kwa maana hakuna wa kulibembeleza. Springi ndiyo inayosukuma. Mkono unahisi; springi haihisi. Risasi iliyovimba kidogo tu inaweza kuliacha komeo halijafunga sawasawa, na mwenye bunduki asijue.

Na kule kubanwa kuna gharama yake. Shaba ikikamuliwa mwilini hukimbilia shingoni, kama donge la chapati linavyokimbilia ukingoni unapolisukuma. Ganda linarefuka, unalipima, unalikata mdomo, unalainisha ukingo ndani na nje. Shaba iliyokwenda shingoni imetoka mahali, nayo imetoka karibu na kitako, ambako ukuta unakonda kila safari. Ndio ule mfereji niliousikia kwa waya. Siku moja ganda hilo lingekatika vipande viwili ndani ya chemba, sentimita chache kutoka kwenye jicho. Ya bolti Mzee huyajaza mara 10 na kupita. Ya Garand akifika mara 5 huyatupa, hata kama waya haujanasa kitu.

Kisha akanionyesha jambo ambalo sikulisahau. Alichukua kutoka sanduku la kijani risasi nzima, ambayo iliwahi kuingizwa kwenye Garand ikatolewa bila kupigwa, akaiweka chini ya miwani ya kukuzia. Katikati ya fataki palikuwa na kialama, kidogo kama cha ncha ya sindano kwenye karatasi. Hakuna aliyegusa kifyatulio. Sindano ya Garand haikushikwa na kitu. Komeo likijibamiza mbele, nayo huteleza mbele kwa kasi yake ikabusu fataki. Fataki ikiwa laini mno, au ikiwa imechomoza hata kidogo kitakoni, busu hilo linatosha kuilipua risasi bila mtu kutaka, pengine kabla komeo halijafunga. Kwa hiyo yeye hutumia fataki zenye ngozi ngumu, na akishaitia kila moja hupitisha kidole chake cha shahada juu yake, macho amefumba. Lazima ahisi imezama chini ya usawa wa shaba. Nilimtazama akipitisha kidole kwenye hamsini, moja moja, midomo ikihesabu. Tatu aliziweka pembeni.

Baruti nayo Garand inaichagua. Baruti zipo zinazoungua haraka na zinazoungua polepole. Ya polepole mno hufika kwenye kile kitundu cha moshi bado ina nguvu nyingi, ikaipiga ile fimbo ndefu kwa pigo ambalo haikutengenezewa, na fimbo ikipinda bunduki imepata kilema. Bunduki ya bolti haina fimbo, haina kitundu, inakula karibu chochote kilicho salama. Garand inapenda ya katikati, na maarufu kuliko zote ni 4895, iliyotumika kwenye risasi za jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha, Bruce Hodgdon wa jimbo jirani la Kansas alinunua shehena kubwa ya baruti hiyo iliyobaki, akaihifadhi kwenye behewa la zamani la treni malishoni, akaiuza kwa watu kama baba yake Mzee. Biashara kubwa ya leo ilianzia kwenye masalio hayo.

Mji wote ni wa namna hiyo, ukiutazama vizuri. Mwaka 1942 serikali ilijenga magharibi mwa Grand Island kiwanda cha silaha kiitwacho Cornhusker, maana yake mmenya mahindi, kikijaza mabomu na makombora. Joyce Hornady, mwanamume licha ya jina lake, alikuja wakati wa vita kufundisha walinzi kulenga shabaha. Yeye na mwenzake Vernon Speer walitengeneza vichwa vya risasi kwa maganda yaliyotumika ya bunduki ndogo ya .22, takataka inayozagaa kwenye kila kiwanja cha shabaha, wakayageuza kuwa koti la shaba linalofunika risasi. Nilipoambiwa hivyo niliwakumbuka mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaotengeneza vibatari na karai kwa makopo na mapipa. Speer akahamia Idaho. Hornady akaanzisha kampuni yake hapo mjini mwaka 1949, na mpaka leo ipo.

Ila kiwanda cha Cornhusker kiliacha na jambo jingine. Maji yaliyooshea baruti yalimwagwa ardhini, na ardhi ya huku ni mchanga juu ya maji. Miaka ya 1980 visima vya watu wa upande wa magharibi wa mji vilikutwa na RDX, kilipuzi cha mabomu, na nyumba mamia zikaunganishwa na bomba la manispaa. Mzee anawafahamu waliokunywa maji yale. Aliniambia hayo huku akifuta meza, na hakuongeza neno.

Siku ya tatu tulikwenda kiwanja cha shabaha, ambacho kipo ndani ya ardhi ileile ya kiwanda cha zamani. Sikutaka kupiga, nilitaka kuona. Upepo ulikuwa unakata masikio. Alianza na bunduki ya bolti. Alipiga mara tano, na kati ya pigo na pigo nilipata muda wa kutazama kunguru wakivuka kiwanja chote. Kila mara alivuta komeo polepole, akalipokea ganda kwa vidole kabla halijadondoka, likiwa bado na joto, akalirudisha kwenye kitundu chake sandukuni. Shaba ile haikugusa ardhi.

Kisha Garand. Inakula risasi nane, zilizobanwa pamoja kwenye kibanio cha chuma kinachoingia chote kwa mara moja. Zote nane zilikwisha kabla sijavuta pumzi ya pili, na ya mwisho ilipotoka, kibanio kikaruka juu na mlio mkali, *ting*, mlio ambao wazee wa vita ile waliusikia maisha yao yote. Maganda yalitawanyika mbele upande wa kulia, kwenye majani makavu yenye barafu.

Tukainama kuyaokota kama watoto chini ya mwembe baada ya upepo. Tukapata saba. Nikasema basi, saba yanatosha. Mzee hakujibu. Aliendelea kusogeza majani kwa kidole cha kiatu, hatua kwa hatua, mtu wa miaka 78 mwenye mgongo mbovu. Pua ilikuwa nyekundu kwa baridi. Nikamuuliza ganda moja lina thamani gani.

"Hili nimelipima mara nne," akasema. "Najua lilikozaliwa."

Ilipita karibu nusu saa. Mwishowe nililipata mimi, na nililipata kwa kulikanyaga. Buti lilikuwa limelibonyeza ubavuni. Mdomo uliopindwa kidogo kalibu hunyoosha. Ubavu uliobonyea namna hii haukubali. Mzee alilitazama, akaligeuza, akalitia kwenye mfuko wa koti tofauti na yale saba, kwa ajili ya ndoo. Nikamwomba radhi. Akasema ni kawaida, hiyo ndiyo kodi ya Garand: inakupa haraka, halafu inakuinamisha uitafute shaba yako kwenye majani.

Jioni ile shemeji alipika maharage ya nyama yenye pilipili, yale wanayoyaita *chili*, na pembeni akaweka mkate mtamu wa mdalasini uliopakwa sukari. Nebraska vitu hivyo viwili huliwa pamoja. Watoto wanavizoea tangu chakula cha shuleni. Kaka alidhani nitashangaa. Sikushangaa hata kidogo. Mtu aliyekula mahamri na mbaazi za nazi Tanga hahitaji kuelezwa kwa nini kitamu kikae na kitu cha pilipili. Nilichovya mkate, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikajiona niko kwa watu ninaowajua.

Baada ya chakula shemeji akaniambia, kwa sauti ya chini kwa sababu ya mtoto, "Shemeji, bunduki hizo zisikupendeze sana." Anafanya kazi hospitali, na wenzake walimsimulia habari za Omaha, mji mkubwa wa jimbo hili. Desemba 2007 kijana wa miaka 19 aliingia kwenye duka la nguo na bunduki inayojikoki, watu wakinunua zawadi za Krismasi, akaua 8 kisha akajiua. Na huku shuleni, aliendelea, binti yake amefundishwa kuzima taa, kukaa chini mbali na mlango na kunyamaza. Wanafanya mazoezi hayo kama sisi tulivyofanya mchakamchaka. Mtoto alikuwa mezani anachora, na nikaona kalamu imesimama. Alikuwa anasikia kila neno.

Nililala nikiwa na mlio wa zile risasi nane kichwani. Sikuweza kuutenganisha na habari ya Omaha, na sidhani kama ni haki kuutenganisha. Tofauti ya komeo linalovutwa na mkono na komeo linalojivuta, ambayo mezani kwa Mzee ilikuwa suala la shaba, kalibu na fataki, mahali pengine ni tofauti ya watu wangapi wanapata nafasi ya kufika mlangoni. Kesho yake nilimwambia Mzee hivyo waziwazi. Alikaa kimya mpaka nikadhani nimemuudhi. Kisha akasema angetamani kila mwenye bunduki ya namna ile alazimike kujaza risasi zake mwenyewe mwaka mzima, kila fataki kwa kidole, kila punje kwenye mizani. Jibu hilo halikunitosha, nikamwambia halijanitosha. "Najua," akasema. "Nami halinitoshi." Bunduki zake zote mbili hukaa kwenye kabati la chuma, na ufunguo haukai kwenye nyumba ile.

Akanichukua kwenda kuona korongo. Kila mwaka, Februari ikiisha mpaka Aprili inapoanza, korongo wa kijivu wapitao nusu milioni hutua kwenye bonde la mto Platte kabla ya kuendelea kaskazini mpaka Kanada, Alaska na hata Siberia. Platte ni mto mpana, lakini maji yake hayafiki magotini. Ndege hulala wamesimama ndani yake, mbwa mwitu wa huko asiweze kuwanyemelea bila kusikika. Mchana hutawanyika mashambani kula punje za mahindi zilizodondoka mashine ilipovuna. Mvunaji amezipoteza, korongo ananenepea hizo, na bila hizo hafiki Siberia. Jane Goodall, yule wa Gombe kwetu Kigoma, alikuwa akija kuwatazama hapa miaka mingi, Machi. Na Mzee alijivunia jambo moja: majimbo mengine yote ya njia hii ya ndege huruhusu korongo kuwindwa, Nebraska hairuhusu. Jua lilipozama wakaanza kuteremka, mistari juu ya mistari, na kelele yao ikawa kama gunia la njugu linalomwagwa bila kuisha. Mtu mwenye bunduki mbili kabatini alisimama kavua kofia kwenye upepo ule.

Ndani ya gari, tukisubiri vidole vipate joto, aliniuliza kama kwetu watu hujaza risasi. Nikamwambia leo hapana. Mwenye leseni hununua dukani, na idadi inaandikwa. Lakini babu yangu alikuwa na gobore, bunduki ya kushindilia. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa mti pamoja na nyuzi za gome, unaweka gololi au vipande vya chuma, unashindilia tena, unavisha fataki nje, ndipo unalenga. Pigo moja tu. Ukikosa, mnyama amekwenda, na wewe umeanza upya tangu mwanzo. Kila pigo la gobore limejazwa na mkono wa anayelipiga, wala hakuna njia nyingine.

Nikamwambia pia kwamba baruti ilitoka kwao. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alifunga mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, na ndani yake mna kifungu cha bunduki, baruti na risasi: kisiwani Unguja ziuzwe kwa serikali ya Sayyid peke yake, bandari zake nyingine ziuzwe bila kizuizi. Meli za Marekani kutoka bandari ya Salem zilileta vitambaa vya merikani pamoja na mapipa ya baruti, na misafara ikayapandisha mpaka Unyanyembe. Mtemi Mirambo wa Urambo aliyajua mapipa hayo. Mzee akahesabu kwa vidole. Nebraska ilifanywa jimbo mwaka 1867. Baruti ya Marekani ilifika kwa babu zangu kabla nchi yake haijawa na jina hilo kwenye ramani ya Muungano.

Na kwa nini gobore lilidumu mpaka wakati wa babu, ilhali dunia ilikuwa na bolti? Kwa sababu mwaka 1890 mataifa, mengi yao ya Ulaya, yalikutana Brussels yakakubaliana bunduki mpya zisiingie Afrika ya kati. Ziruhusiwe zile za gumegume zisizo na mifereji mtutuni, na baruti ya kawaida ya biashara. Bunduki za kisasa walibaki nazo wenyewe na askari wao. Babu yangu alizaliwa ndani ya uamuzi huo.

"Alipimaje?" Mzee akauliza. "Baruti. Alipima kwa kitu gani?"

Sikujua. Ikabidi nimpigie baba mdogo, Urambo, ambako kulikuwa bado hakujakucha. Nikamwamkia, nikaulizwa habari za safari, za kaka, za shemeji, za baridi, na hapo ndipo nikaruhusiwa kuuliza. Baba mdogo alicheka kwa furaha ya kukumbushwa. Baba yake, alisema, alipima kwa ganda. Ganda la risasi la shaba, nene kama kidole gumba, lenye ukingo kitakoni, aliloliokota utotoni kule Itaga, kaskazini mwa Tabora, ambako Wajerumani na Wabelgiji walipigana Septemba 1916. Gobore lenyewe lilisalimishwa serikalini siku nyingi, ila ganda lilibaki nyumbani. Bibi alilitumia kupimia mbegu za mchicha.

Nilimtafsiria Mzee neno kwa neno. Aliposikia unene na ule ukingo akaketi wima. "Mauser ya 1871," akasema. "Milimita 11. Ile ya baruti ya moshi." Ni kweli kwamba Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza askari wengi wa Wajerumani kwetu walikuwa bado wana bunduki hizo kongwe. "Ni bolti," akasema tena, polepole. "Bolti ya risasi moja moja."

Tuliporudi karakanani alifungua daftari lake. Kila ukurasa una tarehe, aina ya ganda, mara ngapi limejazwa, fataki gani, upepo wa siku ile. Alifungua ukurasa mpya, akaniomba nimwandikie *Itaga* na *Urambo* kwa herufi zinavyostahili. Akachora ganda, nene, lenye ukingo. Kisha akataka kujua: babu alijaza mpaka juu, au aliishia wapi?

Nikapiga simu tena. Baba mdogo akasema ngoja, nikasikia mlango, nikasikia kuku, nikasikia kitu cha shaba kikigongwa mezani. Kuna alama, akasema. Baba aliikwangua ndani kwa ncha ya kisu, chini kidogo ya mdomo, upana wa ukucha mmoja.

Mzee akatazama ukucha wake, akashusha kalamu upana huo kutoka mdomoni mwa lile ganda la wino, akavuta mstari.